Kuogelea Shangani, Mtwara: maswali ninayoulizwa kila wiki

Naishi Mtwara mjini, mwendo mfupi wa miguu kutoka ufukwe wa Shangani. Kwa sababu hiyo kila ndugu anayeshuka kusini, na rafiki wa huyo ndugu, na jirani wa huyo rafiki, hunipigia simu kabla ya kuja. Huuliza nauli, pweza, nguo za kuogea. Swali lenye uzito kuliko yote, yaani maji yatajaa saa ngapi, halinifikii hata mara moja katika simu kumi. Nimeamua kuliweka la kwanza mimi mwenyewe.

Niende ufukweni saa ngapi?

Saa ya mkononi haitakusaidia mpaka ujue mwezi uko wapi. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Ukienda Jumamosi saa nne asubuhi ukakuta maji yanabusu mizizi ya miti, usimwambie mwenzako aende Jumamosi inayofuata saa hiyo hiyo. Atakuta mchanga, majani ya bahari na akina mama wanaookota vitoweo.

Sisi huku tunahesabu kwa mwezi wa Kiislamu, maana ndio unaofuata mwezi wa angani. Mwezi unapoandama, na tena unapotimia tarehe 14 na 15, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tarehe 8 na tarehe 22 hivi, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hapo mambo yanageuka: maji hujaa karibu saa nne asubuhi, hupwa karibu saa kumi jioni, na tofauti yake ni ndogo, hata yakipwa hayaendi mbali.

Mgeni wa wikiendi akumbuke hivi: Jumamosi moja maji ni ya jioni, Jumamosi inayofuata ni ya asubuhi, halafu yanarudi jioni. Muda mzuri wa kuoga ni kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa moja baada yake. Siku ya bamvua hiyo ni kuanzia saa nane mchana mpaka kumi na moja jioni, na kwa kweli hakuna jioni tamu kama hiyo Mtwara. Siku ya maji mafu nenda asubuhi, saa mbili hadi saa tano, kabla jua halijawa kali.

Kama hesabu hizi zinakuchosha, muulize mvuvi yeyote. Mara ya kwanza nilipouliza mimi, nilikuwa bado mgeni mjini, nilimkuta mzee anashona wavu chini ya mti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mmekuja kuoga au kuokota?"

"Kuoga, babu."

"Basi kaeni kivulini mpige soga hadi adhuhuri. Saa hizi bahari ni ya wanaookota."

Nilidhani ananitania. Nikavua shati, nikatembea, nikatembea tena, na maji yalikuwa bado kwenye vifundo vya miguu. Niliporudi alikuwa anashona wavu uleule na hakunitazama hata kidogo. Niliona tu mabega yanamtikisika.

Kwa nini maji ya Shangani yametulia hivyo?

Kwa sababu ya jinsi nchi ilivyokaa. Mji wa Mtwara uko ndani ya ghuba, na rasi ya Msangamkuu imelala upande wa pili kama mkono uliokinga. Mawimbi makubwa ya bahari kuu huvunjikia nje, na yanayofika huku ndani yamekwisha nguvu.

Utulivu huohuo pamoja na kina cha maji ya ndani ndio uliowavuta Waingereza kujenga bandari hapa baada ya Vita Kuu ya Pili. Walikuwa na mpango mkubwa wa kulima karanga Nachingwea, wakajenga na reli ya kuzisafirisha mpaka Mtwara. Karanga ziligoma, reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960, bandari ikabaki. Leo inapakia korosho. Kwa hiyo unapoelea chali pale Shangani bila kutikiswa, unafaidi kilekile kilichowavutia wenye meli.

Upande wa ufukwe wanapoogea watu wengi ni mchanga, mawe ni machache, na mkondo ni wa taratibu. Ukisogea kando kuelekea kwenye miamba habari inabadilika, na huko nitarudi tukifika kwenye miiba.

Kama maji yametulia, basi hatari haipo?

Hapa naomba usome polepole.

Hatari ya kwanza ni huo utulivu wenyewe. Kuanzia Aprili mpaka Septemba au Oktoba tunapata upepo wa kusi. Kusi hutoka kusini, yaani kwa Shangani unatokea nchi kavu na kuelekea baharini. Ndiyo maana maji ya karibu na ufukwe huwa laini kama sinia: upepo unakuja mgongoni mwako. Lakini upepo huohuo unasukuma nje chochote kinachoelea. Mtoto aliyekaa juu ya mpira wa tairi hahitaji wimbi wala mkondo kumchukua. Anasogea kimyakimya, anacheka, anapunga mkono, na ukimaliza soda yako ameshafika maji ya kina. Mpira, tairi, boya la kupuliza, vyote vifungwe kamba, na kamba ishikwe na mtu mzima aliyesimama maji ya kiuno. Sizungumzii kamba ya kufunga kwenye jiwe.

Ya pili ni njia ya meli. Kati ya Shangani na Msangamkuu hupita meli za bandarini, kivuko, mashua na maboti ya wavuvi. Kwa macho ule mchanga mweupe wa ng'ambo unaonekana uko karibu, na kila mwaka kuna kijana anayewaambia wenzake ataufikia kwa kuogelea. Kule katikati maji yana kina na yanakwenda kasi wakati wa kujaa na kupwa. Nahodha wa meli hakioni kichwa cha mtu majini. Oga sambamba na ufukwe, usielekee ng'ambo.

Ya tatu ni maji yanayorudi, na hii imenipata mimi mwenyewe nikiwa mwenyeji wa kutosha kuona aibu. Shemeji yangu alikuja kutoka Dodoma na watoto watatu. Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya mwezi kutimia. Alikuwa ameamka usiku kupika pilau, kaitia kwenye hotpoti, na saa nne asubuhi akataka twende. Nilijua kabisa maji yako nje. Nikaona vibaya kumwambia mgeni aliyesafiri siku nzima asubiri hadi saa nane, nikanyamaza. Tulipofika, watoto walipiga kelele kwa furaha: mchanga mkubwa kama uwanja wa mpira! Tukatandika mkeka mbali kabisa kule mbele, mahali pakavu, ili tuwe karibu na maji.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanajivuta tu, unadhani yamesahau. Saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia, na kwenye bamvua, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3, ndani ya saa moja tu yanaweza kupanda sentimita 80. Isitoshe, hayakuja kwa mbele kama tulivyotarajia. Yalitupita pembeni na kujaza bonde dogo la mchanga lililokuwa nyuma yetu. Karibu na saa saba mtoto mdogo akasema, "Mjomba, mbona kule tulikotoka kuna bahari?" Niligeuka. Nilimbeba mabegani, wakubwa nikawashika mikono, na pale katikati maji yalinifika juu ya kitovu. Kila mtu alitoka salama. Mkeka, ndala na hotpoti tuliviacha.

Tangu siku hiyo nina sheria moja: mkeka wangu hautandikwi chini ya mstari wa takataka. Ule mstari wa majani makavu, vijiti na vifuu ambao maji yameuacha juu ya mchanga ndio unaokuonyesha bahari ilifika wapi jana. Keti juu yake.

Sijui kuogelea. Kuna faida ya kuja?

Ipo, na pengine Shangani ni ya watu kama wewe kuliko wanaojua. Wengi unaowaona pale hawaogelei, wanaoga: wanaingia mpaka kiunoni, wanachuchumaa, wanamwagiana maji, wanatoka. Ingia maji yakiwa karibu kujaa, usiingie yanapoanza kutoka. Simama ukitazama nchi kavu, acha maji yakufike kiunoni na yasipite hapo. Mwenye kukufundisha kuelea asimame upande wa bahari, wewe upande wa ufukwe. Maji ya chumvi yanambeba mtu vizuri kuliko ya mtoni, ukilegeza shingo na kujaza pumzi utashangaa mwili unavyopanda wenyewe.

Ukipatwa na hofu, mara nyingi suluhisho ni kusimama tu. Nimewahi kumwona mtu mzima anapiga kelele za kuzama kwenye maji ya magoti. Tulimcheka, lakini sikusahau sura yake.

Nani anawalinda waogeleaji? Mtu akizama tufanye nini?

Hesabu kwamba mlinzi ni wewe. Kwenye kundi lenu achaguliwe mtu mmoja asiyeoga, asiyekunywa na asiyechezea simu, kazi yake ni kuhesabu vichwa. Mpokezane kila nusu saa.

Anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Mdomo unaingia na kutoka majini, mikono inabonyeza maji pembeni, macho hayakutazami. Ukiona hivyo usirukie tu kama si mwogeleaji mzuri, maana atakukumbatia mzame wote. Tupa kitu kinachoelea. Dumu tupu la lita 5 lililofungwa kifuniko, likiwa na kamba shingoni, linatosha kumweka mtu mzima juu, na bei yake ni ndogo kuliko soda mbili. Mimi huwa nalo kila safari, na ndugu zangu hudhani nakwenda kuteka maji.

Akitolewa, mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi tano mdomoni, kisha anza kubonyeza kifua katikati kwa nguvu mara 30 na kupuliza mara mbili, endelea hivyo bila kuacha. Msimning'inize miguu juu kichwa chini kumtoa maji. Mnapoteza dakika za hewa, na matapishi yanaweza kumpalia. Mwingine apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, iko mjini humohumo, na bajaji iliyoko jirani inaweza kuwa ndiyo gari lako la wagonjwa. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Kuna wadudu au samaki wa kuuma?

Wapo, kama bahari yoyote ya huku.

Wale wadudu weusi wa miiba mirefu hukaa kwenye miamba na majani. Kwenye mchanga wazi ni nadra kuwakuta. Vaa yeboyebo zenye mkanda wa nyuma au raba kuukuu. Ndala zinavuka zenyewe. Mwiba ukikuingia usiukamue kwa hasira, unakatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto, toa unaoonekana kwa kibanio, na ulioingia kwenye kiungo upeleke hospitali.

Taa, yule samaki bapa, hulala kwenye mchanga wa maji mafupi na mwiba wake uko mkiani. Hashambulii, hukasirika akikanyagwa. Dawa yake ni mwendo: buruza miguu badala ya kuinyanyua, mchanga ukitikisika atakimbia. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto ndilo linalotuliza sumu yake. Kisha nenda hospitali, kidonda chake hupenda kuoza.

Konyeza, yule anayeelea kama mfuko wa rambo (siku hizi mifuko imepigwa marufuku, konyeza bado), humwasha mtu kama upupu. Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, ondoa nyuzi zake kwa kijiti, usisugue kwa mchanga. Na tafadhali, habari ya kukojolea mahali palipochomwa haina faida yoyote, hata kama aliyekuambia ni mjomba wako.

Ukiwa na kidonda kibichi, subiri kipone. Najua wapo wanaoamini maji ya bahari yanatibu kila kitu, na alfajiri utawakuta watu wanajiosha mikosi. Sina ugomvi na mikosi. Kidonda ni kitu kingine.

Miezi ipi ni mizuri?

Juni hadi Oktoba ni kiangazi, hakuna mvua ya kusumbua, asubuhi za Julai hata zina kibaridi na maji yanaonekana mpaka chini. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na ndicho kipindi cha upepo wa kaskazi: maji ni ya uvuguvugu, lakini upepo unaingia ghubani na vijimawimbi huongezeka mchana. Baada ya mvua kubwa usioge siku hiyo, maji ya mitaroni yote yanaishia baharini.

Jua lisikudanganye kwa upepo. Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na karibu tarehe 20 Februari na tarehe 20 Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, huna hata kivuli cha kusimamia. Nimeona Mmakonde mzaliwa amebabuka mabega.

Vimbunga si vya kila mwaka, ila vipo. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, na huku mjini tuliambiwa tujihadhari. Mei 2024 alikuja Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo na mawimbi, hata kama Shangani inaonekana imelala usingizi, acha.

Nivae nini?

Mtwara ni mji wa pwani wenye Waislamu wengi na Wakristo wengi, na watu wake ni wapole mno kukuambia kitu usoni. Ndani ya maji vaa unachooga nacho. Dada zetu wengi huingia na dera au taiti na fulana, na hakuna atakayekushangaa. Ukitoka majini jifunge kanga au kanzu ya kuogea kabla ya kuvuka barabara kwenda dukani. Akina kaka pia, kifua wazi ni cha ufukweni, si cha sokoni. Mwezi wa Ramadhani kuoga si tatizo, ila kula na kuvuta sigara hadharani mchana si uungwana.

Choo, pa kubadilishia nguo, usalama wa vitu?

Nenda kwenye mgahawa au baa ya jirani, agiza soda, omba kwa heshima. Kwa nguo, kanga mbili na mtu wa kukukingia zinatosha. Bibi zetu walibadilisha hivyo wakiwa ndani ya jahazi. Simu na pesa visije ufukweni zaidi ya unavyovihitaji. Mtu abaki na vitu. Kuvifukia mchangani ni ujanja ambao vijana wote wa mtaani wanaujua.

Tutakula nini?

Pweza wa kuchoma, samaki wa kukaanga, mihogo, madafu. Kisichokosekana kwa mgeni wa kusini ni ming'oko, vile viazi pori vyembamba vinavyochemshwa na kuuzwa kwa mafungu. Unamenya kwa vidole, unachovya chumvi na pilipili, na ukimaliza fungu hujui umekula au umecheza. Korosho nunua zilizobanguliwa kwa akina mama wenyewe. Onja kabla ya kulipa, hakuna atakayechukia.

Kula baada ya kuoga. Sio kwa sababu ya ile hadithi ya tumbo kukakamaa, ni kwa sababu ukishashiba hutaondoka kivulini.

Nafikaje?

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 560 za lami. Mabasi huondoka alfajiri na kufika jioni. Zamani tulilala Rufiji tukisubiri kivuko. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003 na vizazi vipya havijui mateso hayo. Wakati wa masika ulizia hali ya barabara, kwani Mei 2024 ilikatika Somanga na abiria wakakwama siku kadhaa. Ndege zipo pia. Kutoka Lindi ni karibu kilomita 105 hivi.

Ukiwa mjini, sema tu "Shangani, ufukweni" kwa bodaboda au bajaji, mkipatana bei kabla ya kupanda. Oktoba na Novemba, korosho zinapouzwa minadani, gesti hujaa na bei hupanda, hivyo weka nafasi mapema.

Tukitoka Shangani, tuoge wapi pengine?

Msangamkuu, kwa kivuko MV Mafanikio. Mchanga mweupe, minazi, watu wachache. Ulizia kivuko cha mwisho cha kurudi kabla hujavua viatu.

Mikindani, kilomita 11 kwa daladala, nenda kwa kutembea zaidi kuliko kuoga. Ghuba yake ina utulivu kupita hata yetu, lakini kuna mikoko na tope. Utaona Boma la Wajerumani la 1895, na ndiko Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866.

Msimbati ni safari ya zaidi ya kilomita 40 kuelekea mpakani. Iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio. Kwa macho ni nzuri kuliko Shangani, nakiri. Kwa mtoto na kwa asiyejua kuogelea, hapana: mahali pengine pale maji ya kina yako hatua chache tu kutoka ufukweni na mkondo una nguvu.

Watu wa Lindi watanisuta nisipowataja. Wana ghuba yao tulivu mbele ya mji, na kivuko cha MV Kitunda kinachowavusha ng'ambo. Kanuni ya mwezi niliyoeleza juu inafanya kazi kwao vilevile.

Naweza kuokota kombe na matumbawe?

Piga picha, acha vilipo. Kombe tupu ni nyumba ya kaa wa kesho. Ukikuta nyayo za kasa au mayai yake mchangani, usifukue. Na unapopiga picha, lenzi isielekee bandarini.

Hotpoti la shemeji lilipatikana?

Swali hili huulizwa na kila aliyewahi kuisikia habari ile. Ndiyo. Lilielea, kwa sababu mfuniko ulikuwa umekazwa kisawasawa, na kusi likalisukuma nje. Mvuvi aliyekuwa anarudi na mtumbwi wake akaliona, akadhani ni boya la mtu. Alipolifikisha ufukweni jioni ile, shemeji alilifungua mbele yetu sote. Pilau ilikuwa kavu, bado ina uvuguvugu. Mvuvi alikula nasi, akachukua na sahani ya nyumbani. Ndala hazijaonekana mpaka leo.